Utambuzi wa Hitilafu za Ugavi wa Gesi katika Kromatografu: Maelezo kwa Maabara za Ufukwe wa Ziwa Tanganyika, Kigoma na Ujiji

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna ya kutafuta chanzo cha hitilafu katika ugavi wa gesi wa kromatografu ya gesi, yaani chombo kinachotenganisha na kupima gesi pamoja na viowevu vilivyovukizwa. Maelezo yameelekezwa kwa maabara ndogo inayofanya kazi Kigoma au Ujiji, ambako mtungi wa gesi husafirishwa kutoka mbali, umeme hukatika, na sampuli iliyochotwa ziwani haiwezi kuchotwa tena kwa urahisi. Mfano unaofuatiliwa ni upimaji wa methani katika maji ya kina. Hoja inayotetewa ni kwamba makosa mengi yanayodhaniwa kuwa ya sampuli, au hata ya ziwa lenyewe, huanzia katika mrija wa gesi, na kwamba mtafiti anayeanza kwa kufungua kolamu badala ya kusoma geji ameanzia mwisho.

1.0 Utangulizi

Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470. Oksijeni hupatikana katika tabaka la juu tu; chini ya mita 100 hadi 200, kutegemea eneo na msimu, maji hayana oksijeni kabisa. Katika maji hayo ya chini, mabaki ya viumbe huozeshwa na vijiumbe visivyohitaji oksijeni, na zao mojawapo la uozeshaji huo ni methani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria kwamba ziwa zima limehifadhi zaidi ya tani milioni 23 za gesi hiyo. Kiasi hicho kikigawanywa kwa ujazo wa ziwa, ambao ni takribani kilomita za ujazo 18,900, wastani unaopatikana ni kama mikromoli 76 kwa kila lita ya maji. Karibu na uso wa maji, kwa upande mwingine, kinachopimwa ni nanomoli. Mahali ambapo methani inatoweka, kati ya tabaka hizo mbili, ndipo penye swali la kisayansi: ni nini kinachoila kabla haijafika angani?

Swali hilo hujibiwa kwa vichupa. Chupa ya kuchotea hushushwa kwa kamba kutoka kwenye boti hadi kina kilichokusudiwa. Maji huhamishiwa katika kichupa cha kioo pasipo kuingiza kiputo cha hewa, huwekwa sumu ya kuua bakteria, kisha kichupa huzibwa kwa kizibo cha mpira na kofia ya alumini. Maabarani, sehemu ya maji huondolewa na nafasi yake kujazwa naitrojeni au heliamu safi. Kichupa hutikiswa ili methani igawanyike kati ya maji na gesi iliyo juu yake. Na kiasi kidogo cha gesi hiyo huingizwa katika kromatografu. Kichupa kikishatobolewa na kutumika, hakirudi kuwa kama kilivyokuwa. Kilichochotwa wakati wa upepo wa kusi, kati ya Mei na Septemba, hakina mbadala mpaka kusi ijayo.

Ichukuliwe, kwa ajili ya maelezo, kwamba maabara imepima vichupa vya kina cha mita 50, 100, 150, 200, 250 na 300. Matokeo yanapanda kama inavyotarajiwa, isipokuwa mita 250 ambako chombo kimetoa sifuri. Mita 200 ina methani tele, na mita 300 ina zaidi. Katika maji yasiyo na oksijeni, sifuri ya namna hiyo haina maelezo mepesi, na mtafiti mwenye shauku anaweza kuanza kubuni tabaka jipya la bakteria walao methani. Kabla ya kufika huko, lipo swali moja la kawaida la kuulizwa: kichupa hicho kilipimwa saa ngapi, na cha ngapi katika mfululizo? Vichupa havipimwi kwa mpangilio wa kina. Ikiwa kile cha mita 250 kilikuwa cha mwisho jioni, basi kinachopaswa kuchunguzwa kwanza ni hali ya chombo jioni ile.

2.0 Gesi nne na kazi zake

Gesi inayobeba sampuli kupita katika kolamu inaitwa hapa gesi chukuzi. Inaweza kuwa heliamu, haidrojeni au naitrojeni, na usafi unaotakiwa ni asilimia 99.999. Kitambuzi cha mwali, ambacho ndicho kinachofaa kwa methani, huhitaji gesi nyingine mbili: haidrojeni kama kuni, kwa kawaida mililita 30 hadi 40 kwa dakika, na hewa safi mara kumi ya kiasi hicho. Chombo chenye kolamu nyembamba huongezewa gesi ya nne, mara nyingi naitrojeni, ambayo kazi yake ni kusukuma kwa kasi kile kilichotoka kwenye kolamu kiingie mwalini bila kusambaa njiani.

Kila moja ya gesi hizo huacha alama yake inapokosekana au inapochafuka. Kolamu huitikia gesi chukuzi. Mwali huitikia gesi zote. Tofauti hiyo peke yake huokoa saa nyingi za kutafuta.

3.0 Dalili zinavyosomwa

Dalili iliyo muhimu kuliko zote ni muda wa kukaa, yaani muda ambao kampaundi hutumia tangu kuingizwa hadi kilele chake kuonekana. Muda huo hutegemea mambo machache: aina ya kolamu, joto la tanuri, na mtiririko wa gesi chukuzi. Kolamu haibadiliki kati ya asubuhi na jioni. Joto la tanuri huonekana kwenye skrini. Kinachobaki ni mtiririko. Vilele vyote vikichelewa kwa uwiano mmoja, mtiririko umepungua. Vikiwahi, umeongezeka. Kilele kimoja kikihama na vingine vikabaki mahali pake, sababu itafutwe kwingine, kwa mfano katika unyevu uliokusanyika kwenye kolamu.

Hapa ndipo sifuri ya mita 250 inapoanza kueleweka. Programu ya kompyuta haitambui methani kwa sura yake. Hutambua kilele chochote kilichotokea ndani ya dirisha la muda iliyoambiwa. Methani ikiwa kwa kawaida hutokea dakika ya 1.20, na dirisha limewekwa kuanzia 1.10 hadi 1.30, basi mtiririko ukipungua kwa asilimia 15 kilele kitatokea karibu na dakika ya 1.41. Kilele kipo, kirefu na kizuri, lakini kiko nje ya dirisha, na jedwali linaandika sifuri. Anayesoma jedwali bila kutazama mchoro hatagundua kitu. Ni tabia mbaya iliyozoeleka, na vyombo vipya vinavyochapisha majedwali nadhifu vimeizidisha.

Dalili ya pili ni mstari wa msingi, yaani kile kinachochorwa wakati hakuna sampuli inayotoka. Mstari ulio juu kuliko kawaida lakini umetulia huashiria uchafu wa kudumu katika mojawapo ya gesi. Ili kujua ni ipi, mtiririko wa gesi moja hubadilishwa kidogo huku mingine ikiachwa ilivyo, na mwitikio wa mstari hutazamwa. Mstari unaopanda pamoja na joto la tanuri, juu zaidi kila wiki, unaashiria kwamba oksijeni inaingia na kuila kolamu. Mstari unaotetemeka huenda ni mwali usio na uwiano mzuri wa haidrojeni na hewa.

Ipo dalili ya tatu ambayo huwapotosha hata wazoefu. Gesi chukuzi yenyewe ikiwa na methani kidogo, haitoi kilele cha methani, kwa sababu methani hiyo inafika kwenye kitambuzi muda wote. Inainua mstari tu. Ukiingiza gesi safi isiyo na methani, mahali pa kilele patatokea shimo. Na sampuli yenye methani chache itatoa kilele kidogo kuliko inavyostahili, kwa kuwa kinachoonekana ni tofauti kati ya sampuli na gesi inayoibeba. Kwa maji ya mita 300 kosa hilo halionekani. Kwa maji ya mita 50 linaweza kufuta matokeo yote. Kwa sababu hiyo kila siku ya kazi inapaswa kuanza na kichupa tupu kilichojazwa gesi safi, na mchoro wake utazamwe kwa makini uleule unaopewa sampuli.

4.0 Mtungi na regyuleta

Mkazi wa Kigoma anaufahamu mtungi wa gesi ya kupikia, na uzoefu huo humdanganya anapoingia maabarani. Gesi ya kupikia imo mtungini kama kiowevu. Mgandamizo wake haubadiliki sana mpaka kiowevu kinapokaribia kwisha, na ndiyo maana mama wa nyumbani huutikisa au kuupima kwenye mizani. Heliamu, naitrojeni na haidrojeni hazimo mtungini kama kiowevu. Zimeshindiliwa tu, na mgandamizo wake hushuka sambamba na kiasi kilichobaki. Geji ya mtungi inasema kweli: bar 100 katika mtungi uliojazwa kwa bar 200 ni nusu.

Kwa hiyo geji inaweza kutumika kama daftari la hesabu. Mtungi wa lita 50 uliojazwa heliamu kwa bar 200 hutoa takribani lita 9,000 za gesi katika mgandamizo wa kawaida. Chombo kinachotumia mililita 25 kwa dakika, ukijumlisha kolamu, gesi inayosafisha kizibo cha kiingizio na ile inayomwagwa, hutumia lita 36 kwa siku. Mtungi huo unapaswa kudumu takribani siku 250. Ongeza uvujaji wa mililita 50 tu kwa dakika, kiasi ambacho sikio halisikii, na matumizi yanafika lita 108 kwa siku: mtungi unaisha baada ya siku 83. Anayeandika usomaji wa geji kila asubuhi ataona tofauti hiyo ndani ya wiki mbili. Asiyeandika ataiona siku mtungi unapokwisha, katikati ya sampuli, naye yuko zaidi ya kilomita 1,200 za reli kutoka Dar es Salaam.

Mtungi hautumiwi mpaka tone la mwisho. Unyevu ulionata kwenye ukuta wa ndani huachia kadiri mgandamizo unavyoshuka, hivyo gesi ya mwisho huwa chafu kuliko ya mwanzo. Kikomo cha busara ni bar 20. Wako wanaoona kuacha bar 20 ni ubadhirifu. Bei ya kolamu mpya huwajibu.

Regyuleta ndicho kifaa kinachoshusha mgandamizo wa mtungi hadi ule unaohitajiwa na chombo, kwa kawaida bar 4 hadi 5.5. Regyuleta ya hatua moja ina kasoro ya kimaumbile: mgandamizo wa mtungi unapopungua, ule unaotoka hupanda polepole, kisha huporomoka mtungi unapokaribia kuwa mtupu. Katika chombo cha zamani kinachorekebishwa kwa mkono, mabadiliko hayo hupita moja kwa moja hadi kwenye kolamu. Regyuleta ya hatua mbili haina tatizo hilo kwa kiwango cha kusumbua. Chombo kinachojirekebisha kielektroniki kinaweza kuficha kasoro kwa muda, lakini kinahitaji mgandamizo wa kuingilia uzidi ule wa kolamu kwa bar moja au zaidi. Usipozidi, chombo hukataa kuwa tayari, na skrini haisemi sababu. Mtu akikuta chombo kinasubiri bila kikomo, aiangalie kwanza geji ya pili ya regyuleta.

Jambo moja la usalama halina nafasi ya mjadala. Nati za regyuleta ya haidrojeni hukazwa kwa kuzungushia kushoto na huwa na alama za mikato pembeni, ili zisiweze kufungwa kwenye mtungi wa gesi isiyowaka. Nati isipokubali, haipakwi mafuta wala grisi, wala haifungwi tepu ya fundi bomba. Regyuleta hiyo si ya mtungi huo.

5.0 Uvujaji

Watu wengi huamini kwamba uvujaji mdogo ni hasara ya fedha tu. Hoja yao ni kwamba ndani ya mrija mgandamizo ni mkubwa kuliko nje, kwa hiyo gesi hutoka na hewa haiwezi kuingia. Hoja hiyo ina mantiki lakini si kweli. Kila gesi hufuata tofauti ya wingi wake yenyewe. Ndani ya mrija wa heliamu hakuna oksijeni; nje iko takribani asilimia 21 ya hewa. Kupitia upenyo mwembamba, molekuli za oksijeni husambaa kuelekea ndani hata kama heliamu inatoka nje. Unyevu hufanya vivyo hivyo, na hewa ya ufukweni haina upungufu wa unyevu. Mirija ya plastiki hupitisha oksijeni kupitia ukuta wake bila kuwa na tundu lolote, na ndiyo sababu ugavi hujengwa kwa mrija wa shaba au chuma kisichoshika kutu, uliosafishwa mafuta.

Maabara inayopima asidi za mafuta huumia zaidi. Kigoma ni mkoa wa mawese, na mafuta hayo, yenye asidi ya palmitiki karibu asilimia 44, hupimwa kwa kolamu zilezile zinazotumiwa kwa mafuta ya dagaa. Kolamu hizo ni za aina ambayo oksijeni huiharibu upesi tanuri likiwa na joto kali. Baada ya miezi michache ya uvujaji usioonekana, vilele viwili vya dagaa vilivyokuwa vimetengana huanza kuegemeana, na mtafiti huandika kiasi cha omega-3 kisichokuwamo.

Namna ya kuutafuta uvujaji ni kuugawa mfumo vipande. Chombo hupozwa kwanza, kwa kuwa kolamu haipaswi kuwa na joto bila gesi. Vali ya kuingilia kwenye chombo hufungwa, mgandamizo wa mrija husomwa kwenye geji ya pili ya regyuleta, kisha vali ya mtungi hufungwa na skrubu ya regyuleta hulegezwa kabisa. Mrija wa mita 5 wenye kipenyo cha ndani cha milimita 2 una ujazo wa takribani mililita 16. Ukiuacha kando ujazo mdogo wa regyuleta, uvujaji wa mililita moja tu kwa dakika hushusha geji kwa kama bar 0.06 kila dakika. Dakika 15 zinatosha kabisa. Geji ikitulia, mrija ni mzima na tatizo liko ndani ya chombo: kizibo cha mpira kilichotobolewa mno, pete ya kubania kolamu iliyolegea baada ya tanuri kupanda na kushuka joto mara nyingi, au kioo cha kiingizio kilichokaa vibaya. Geji ikishuka, chombo hakina kosa na hakuna sababu ya kukifungua.

Wapo wanaoacha jaribio hilo usiku kucha wakidhani muda mrefu ni ushahidi bora. Kwa chumba kisicho na kiyoyozi, ni ushahidi mbovu. Joto likishuka kutoka nyuzi 30 hadi 20, mgandamizo kamili wa bar 6 hupungua kwa takribani bar 0.2 bila gesi kutoka popote. Asubuhi fundi sanifu huanza kukaza nati ambazo hazikuwa na shida, na nati iliyokazwa kupita kiasi huwa na shida kweli.

Kiungo kinachoshukiwa hupakwa mchanganyiko wa maji na alkoholi ya isopropili kwa tone moja moja, na viputo hutazamwa. Maji ya sabuni hutumiwa kwenye viungo vya upande wa mtungi peke yake. Karibu na kolamu, sabuni inayonyonywa na upenyo huonekana kwenye mchoro kwa wiki kadhaa. Kifaa cha kielektroniki cha kunusa heliamu na haidrojeni ni bora kuliko vyote hivyo. Kiungo kilichopatikana hakikazwi mara moja kwa nguvu. Hufunguliwa, pete hukaguliwa, hufungwa upya kwa vidole, kisha huongezwa robo ya mzunguko kwa spana.

Vichujio vya kunasa unyevu, oksijeni na mafuta vinavyofungwa kati ya mtungi na chombo havitibu uvujaji. Huuficha mpaka vijae, na vikijaa huacha uchafu upite. Kichujio kilichobadilika rangi kabla ya muda wake ni taarifa, na kukibadilisha pasipo kutafuta kilichokijaza ni kuitupa taarifa hiyo.

6.0 Haidrojeni, hewa na umeme

Kwa miaka mingi mji wa Kigoma ulitegemea majenereta ya dizeli, na ingawa mkoa umeunganishwa na gridi ya taifa, mpango wa maabara unapaswa bado kudhania kwamba umeme utakatika. Mtungi haujali umeme. Mashine ya kuzalisha haidrojeni na kompresa ya hewa vinaujali sana.

Mashine ya haidrojeni huchanganua maji kwa umeme. Inafaa Kigoma kwa sababu huondoa safari ya mtungi ulio hatari kusafirisha, na kwa sababu ndani yake hukaa gesi kidogo tu. Sharti lake ni maji yasiyo na chumvi. Maji ya Ziwa Tanganyika, yanayoonekana angavu kuliko ya mito mingi, yana chumvi za kutosha kupitisha umeme kwa mikrosimensi 600 na zaidi kwa sentimita. Mashine inahitaji chini ya moja. Kuchemsha hakusaidii, na kuchuja kwa kitambaa hakusaidii. Maji ya ziwa yakiingia hata mara moja, utando wa ndani huharibika, na dalili ya kwanza ni mwali unaokataa kuwaka.

Mwali ukikataa kuwaka, au ikishukiwa kwamba umezimika, spana baridi inayong'aa hushikiliwa juu ya tundu la kitambuzi. Ukungu ukitanda juu yake, mwali upo, kwa kuwa haidrojeni inayoungua hutoa mvuke wa maji. Usipotanda, mtiririko wa kila gesi hupimwa peke yake, ukianza na haidrojeni. Haidrojeni isiyoungua haiachwi kutiririka. Hewa yenye asilimia 4 hadi 75 ya gesi hiyo hulipuka, na tanuri lililofungwa lenye kolamu iliyochomoka ni mahali pazuri mno kwa mlipuko huo.

Hewa ina hadithi yake. Kompresa hunyonya kilichopo: moshi wa jiko la mkaa, mvuke wa petroli, harufu ya mawese yanayokaangwa jirani. Mkaa amilifu hunasa mengi ya hayo, ingawa hauinasi methani, ambayo hewani iko takribani sehemu 1.9 kwa milioni. Kiasi hicho huinua mstari kidogo lakini kwa kutulia. Kisichotulia ni moshi wa dizeli. Umeme ukikatika, jenereta la akiba huwashwa, na mara nyingi limewekwa nyuma ya ukuta uleule ambako kompresa inavuta hewa. Mstari wa msingi hupanda dakika chache baadaye. Lawama huangukia umeme wa jenereta, kwamba si safi, na maabara hununua vifaa vya kurekebisha umeme. Mrija wa mita chache unaohamisha mdomo wa kompresa upande wa ziwa ungetosha. Utambuzi wake ni rahisi: jenereta liwashwe bila kupewa mzigo, chombo kikiendelea na umeme wa kawaida. Mstari ukipanda, ni moshi.

7.0 Mwinuko

Uso wa ziwa uko takribani mita 773 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapo ni kama kilopaskali 92, badala ya 101 za pwani. Mililita moja ya gesi iliyochukuliwa Ujiji ina molekuli pungufu kwa takribani asilimia 9 kuliko mililita moja ya joto lilelile iliyochukuliwa Dar es Salaam. Kitanzi cha sampuli kinachojazwa kwa mgandamizo wa hewa ya nje kitaingiza methani pungufu kwa asilimia hiyo, na mita ya mtiririko ya viputo vya sabuni itasoma mililita za Ujiji. Hakuna kilichoharibika. Kosa hutokea pale tu mlingano wa urekebishaji uliotengenezwa pwani, au kwenye kiwanda, unapotumiwa bila kurudiwa. Gesi ya kiwango ikiingizwa kwa kitanzi kilekile, mahali palepale, tofauti hujifuta.

8.0 Heliamu au naitrojeni

Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kupatikana kwa heliamu katika bonde la Rukwa, lisilo mbali na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Mpaka gesi hiyo iingie mitungini kwa ajili ya maabara, heliamu inaendelea kuwa bidhaa ghali ya kuagizwa. Kwa methani peke yake, ikipimwa kwa kolamu nene iliyoshindiliwa na kitambuzi cha mwali, naitrojeni inatosha, na inapatikana kwa urahisi zaidi. Upimaji huwa wa polepole kidogo. Madirisha ya muda yawekwe upya siku gesi inapobadilishwa. Kusahau hatua hiyo huzalisha sifuri za uongo kwa sampuli zote kwa mpigo, ambazo angalau huonekana.

9.0 Kichupa cha mita 250

Katika mfano ulioanza nao, mchoro wa sampuli ya mwisho ukifunguliwa, kilele kikubwa kinaonekana dakika ya 1.41. Daftari la geji linaonyesha mtungi ulikuwa umefika bar 3 jioni ile, chini ya mgandamizo ambao regyuleta ilipaswa kuutoa. Eneo la kilele linaweza kukokotolewa upya kwa dirisha jipya, lakini halitoshi kuwa jibu, kwa kuwa mwitikio wa kitambuzi nao hubadilika mtiririko wa gesi chukuzi unapobadilika. Linalohitajika ni gesi ya kiwango iliyopimwa baada ya kichupa hicho, kabla ya mtungi kubadilishwa, na ambayo kilele chake pia kimetokea karibu na 1.41. Ikiwapo, methani ya mita 250 hukokotolewa kwa kulinganisha vilele hivyo viwili, na maelezo yake huandikwa katika tasnifu. Isipokuwapo, mstari wa mita 250 katika jedwali huandikwa "haikupimwa", na sifuri hufutwa.